Risasi ya Kujijazia, ya Dukani au ya Gobore: Ipi Inamlipa Mtu wa Malangali?

Mwenye bunduki ya leseni hapa Malangali, Sumbawanga, husikia ushauri wa aina tatu. Wazee watamwambia gobore halijawahi kumwangusha mtu anayejua kulishindilia. Mwenye duka atamsifia boksi jipya lenye picha ya nyati. Na kijana aliyetazama video za Marekani atamweleza kwamba huko watu hawanunui risasi kabisa: wanaokota maganda, wanaweka fataki mpya, wanapima baruti kwenye mizani, wanapachika kichwa, na risasi yao inapiga shabaha kuliko ya kiwandani, tena kwa nusu ya bei.

Wote watatu wana ukweli wao. Makala hii inauweka kwenye mizani moja: gharama ya kuanzia, gharama ya kila mlio, usahihi, na sheria ya nchi. Neno la msingi ni hili: katika risasi mtu halipii nguvu, analipia kurudiarudia. Risasi nzuri ni ile ambayo ya ishirini inafanya kile kile ilichofanya ya kwanza. Tofauti ya bei kati ya risasi na risasi inatokana hasa na hapo, na ndipo pa kujiuliza unahitaji kurudiarudia kwa kiasi gani.

Unalipia nini ndani ya risasi

Risasi ya kisasa ina vitu vinne: ganda la shaba nyeupe, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa mbele. Baruti ikizidi au kupungua kidogo, mwendo unabadilika. Kichwa kikikaa ndani zaidi ya mwenzake, shinikizo linabadilika. Ganda moja likiwa nene kuliko jingine, nafasi ya baruti inapungua. Kiwanda kinajitahidi kupunguza tofauti hizo kwa maelfu ya risasi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana maboksi yana namba ya toleo. Risasi za toleo moja zimetoka kwenye baruti moja na mashine zilizopangwa vilevile. Za matoleo mawili, hata kama jina na picha ni zilezile, zinaweza kutua mahali tofauti.

Shabaha ya kutosha ni ipi? Wapiga shabaha hupima kwa kundi la matundu. Raifo ya komeo, ile unayoikoki kwa mkono kila mara, ikilishwa risasi ya kiwandani inayoipenda, huweka matundu yake ndani ya sentimita 3 hadi 5 kwenye mita 100. Eneo la moyo na mapafu la nguruwe pori ni pana mara tatu au nne ya hapo. Kwa hiyo mwenye shamba aliyekwisha kufika sentimita 5 hana sababu ya kutoa fedha ili afike 2. Anayeshindana kwenye karatasi, kwa mita 300 na zaidi, ana sababu.

Chaguo la kwanza: gobore

Gobore ndilo bunduki pekee nchini ambalo kila mlio wake umejazwa kwa mkono: baruti kwanza, kizibo, kisha goroli au vipande vya risasi, vyote vikishindiliwa kutoka mdomoni. Hapa kwetu Ufipa lina historia. Wafipa walikuwa wafua chuma wenye sifa, waliyeyusha mawe yao katika malungu, tanuru ndefu za udongo zinazompita mtu urefu, na mkono uliojua kufua jembe haukushindwa kutengeneza mtutu.

Gharama ya kuanzia ni ndogo, na ya mlio pia. Ila usahihi wake haurudii. Mtutu hauna mifuo ndani ya kuizungusha risasi, goroli halibani vizuri, na baruti ikikaa kwenye nyumba ya masika hunyonya unyevu, siku ikawaka, siku ikafuka tu. Zaidi ya mita 40 au 50, mpigaji anabahatisha. Mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani ni hatari kwa mtoto wa jirani atakayepita kesho yake.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bei. Mtutu wa bomba ambalo halikutengenezwa kubeba shinikizo huweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji. Na gobore lisilosajiliwa ni kosa la jinai hata kama babu ndiye aliyeliacha. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kama hizo kwa hiari bila kushtakiwa, na kukitokea kipindi hicho, ndiyo njia rahisi ya kulimaliza jambo. Bei ya gobore ni ile ya rahisi ghali, na ughali wake ni wa kidole, jicho au kifungo.

Chaguo la pili: shotigani na risasi za boksi

Kwa shamba la mahindi, shotigani ndiyo silaha ambayo wengi wenye leseni huishia nayo. Ya namba 12 imepewa namba hiyo kwa kipimo cha kale: goroli 12 za risasi zenye upana wa mtutu wake hufikisha uzito wa paundi moja. Boksi la kawaida lina risasi 25. Ndani ya kila risasi huwa na marisaa madogo ya ndege, marisaa makubwa ya mnyama, au goroli moja nzito.

Marisaa makubwa yana kazi hadi mita 30 hivi, kisha yanatawanyika. Goroli moja inafika mita 50 au zaidi kidogo kama bunduki ina shabaha ya kulengea. Risasi zake hazidai mizani wala darubini, na tofauti ndogo ya baruti haionekani kwa umbali huo. Kwa hiyo hakuna faida ya kutafuta toleo bora kuliko mengine. Nunua ya marisaa yanayofaa kazi yako, kavu, isiyo na kutu kwenye kitako cha shaba, na bei kwa mlio uipate kwa kugawanya bei ya boksi kwa 25. Wauzaji wawili wakitofautiana, hesabu hiyo ndiyo itakayokwambia ukweli, maana kuna maboksi madogo ya risasi 5 au 10 yanayoonekana nafuu mpaka uyagawanye.

Chaguo la tatu: raifo ya komeo na risasi za kiwandani

Hapa ndipo usahihi unapoanza kuwa na maana, na ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu. Boksi huwa na risasi 20. Kati ya boksi la bei ya chini na lile la mashindano, tofauti inaweza kufika mara mbili au tatu. Swali si lipi limeandikwa maneno makubwa zaidi, ni lipi linalorudia katika mtutu wako. Bunduki mbili za kiwanda kimoja, zenye namba zinazofuatana, zinaweza kupenda risasi tofauti.

Njia nafuu ya kujua ni hii. Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu zenye vichwa vya uzito tofauti. Kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, ukiwa umeegemeza bunduki, piga risasi kumi za kila aina kwenye karatasi yake, na uache mtutu upoe kati ya makundi. Usidanganyike na kundi la matundu matatu. Matatu hukaa karibu kwa bahati, kumi hayadanganyi. Aina iliyoshinda, rudi dukani ukanunue maboksi ya kutosha mwaka mzima kwa kiasi unachoruhusiwa, yote yenye namba moja ya toleo. Kisha isawazishe shabaha kwa risasi hizo na usibadili.

Gharama ya zoezi hilo ni maboksi mawili au matatu. Hakuna kifaa cha kuongeza usahihi, cha kigeni wala cha nyumbani, kinachotoa faida kubwa zaidi kwa fedha hiyo.

Ushahidi mzuri uko Bisley, Uingereza, kwenye mashindano ya kila mwaka ambayo wapiga shabaha kutoka Kenya wamekuwa wakiyaendea. Katika Tuzo ya Mfalme, ambayo fainali yake hupigwa kwa yadi 900 na 1,000, yaani zaidi ya mita 800 na 900, washindani hupewa risasi na waandaaji, wote za aina moja, za kiwandani. Hakuna anayekuja na zake za kujijazia. Bingwa anapatikana kwa kusoma upepo, kutulia na kuvuta triga vizuri. Kama risasi ya boksi inatosha kumpata bingwa wa umbali huo, haiwezi kuwa ndiyo sababu ya mtu kumkosa nguruwe kwa mita 70.

Chaguo la nne: kujijazia, kama wafanyavyo Marekani

Sasa hesabu ya yule kijana wa video. Tuchukue risasi ndogo ya .223, inayotumiwa na raifo nyingi zinazojijaza zenyewe huko Marekani, na bei za huko za miaka hii kwa makadirio. Kichwa cha mashindano ni kama senti 35 hadi 40 za dola. Fataki ni senti 8 hivi. Baruti ya paundi moja, gramu 454, ni dola 45 hivi na huzaa kama risasi 280, kwa hiyo senti 16 kila moja. Ganda jipya ni kama senti 50, lakini likitumika mara tano linakuwa senti 10. Jumla ni kama senti 70 hadi 75. Risasi ya mashindano ya kiwandani ya aina hiyo huanzia kama dola 1.20 na kuendelea. Basi kwa kila mlio mtu anaokoa kama senti 50.

Hapo kijana amesema kweli. Ila hajahesabu meza. Presi, kalibu za kulirudishia ganda umbo lake, mizani, kipimo cha urefu, mashine ya kusafishia maganda, kifaa cha kukatia maganda yaliyorefuka na kitabu cha vipimo vilivyojaribiwa hufika dola 500 hadi 1,000 bila kuzidisha. Chukua 700. Kwa kuokoa senti 50, meza hiyo inajilipa baada ya milio 1,400. Mshindani anayepiga risasi 3,000 kwa mwaka anairudisha kabla ya Juni kuisha. Mwenye shamba anayepiga 30 kwa mwaka ataimaliza baada ya karibu miaka 47, kama wajukuu wataikuta bado inafanya kazi.

Kisha kuna risasi za kujaribia. Kutengeneza risasi inayoshika shabaha si kumwaga baruti na kufunga. Mtu huanza chini ya kipimo cha kitabu, hupanda hatua kwa hatua, hupiga makundi, hupima mwendo kwa kifaa cha kielektroniki, huangalia dalili za shinikizo kwenye fataki na ganda, kisha hurudia yote akibadili kina cha kichwa. Mamia ya milio hupotea kabla ya kupata jibu. Kwa mwenye burudani ya mezani hiyo ndiyo starehe yenyewe. Kwa anayetaka mahindi yake yabaki shambani ni hasara tupu.

Soko nalo halitabiriki. Kati ya 2020 na 2022 fataki ziliadimika Marekani kwenyewe, bei ikapanda mara kadhaa, na watu wenye meza za thamani wakakaa bila kufyatua kitu.

Kwa nini raifo inayojijaza huongeza gharama

Wanaojijazia risasi za raifo ya komeo wana uhuru mwingi. Wenye raifo inayojijaza yenyewe wamefungwa mikono mara nne.

Kwanza, gesi ya risasi ndiyo inayoendesha mashine. Baruti ikiwa ya kuwaka polepole mno au haraka mno, bunduki inakwama au inajichakaza, hata kama kundi la matundu lilikuwa zuri. Wigo wa kuchagua unapungua.

Pili, risasi lazima iingie kwenye magazini. Mwenye komeo anaweza kukiacha kichwa kikae nje zaidi mpaka kiikaribie mifuo ya mtutu, na mara nyingi usahihi hukaa hapo. Mwenye magazini hana nafasi hiyo.

Tatu, risasi hutupwa chumbani kwa kishindo. Kichwa kisichobanwa vizuri husogea, na fataki laini huweza kuguswa na pini inayocheza, bunduki ikalia kabla ya mtu kuvuta triga. Ndiyo maana wajazaji makini hutumia fataki ngumu zaidi na hulirudisha ganda lote umbo la kwanza kila mara. Kazi hiyo hulichosha ganda, likazeeka mapema kuliko la komeo.

Nne, ganda linarushwa mbali. Kwenye sakafu ya uwanja wa shabaha unaliokota. Kwenye mahindi yaliyofika kifuani umeliaga, na lile punguzo la senti 10 limerudi kuwa senti 50. Ukirudia hesabu ukiwa na maganda mapya kila mara, risasi yako ya kujijazia inafika dola 1.10 au zaidi, karibu sawa na ya boksi.

Waliokuwa na sababu ya kweli

Isionekane kwamba kujijazia ni upuuzi. Afrika Mashariki ilikuwa na watu ambao bila hiyo bunduki zao zingekuwa mapambo. Kampuni ya Kynoch ya Uingereza, iliyolisha bunduki nzito za wawindaji kwa vizazi, iliacha kutengeneza risasi hizo katika miaka ya 1960. Mwenye bunduki ya mitutu miwili ya .470 alibaki na maboksi yaliyokuwa kabatini. Yakiisha, ni kujijazia au kutundika.

Wengine walisukumwa na risasi mbovu. Winchester walitoa .458 mwaka 1956 kwa ajili ya tembo na nyati. Baruti ya risasi zake za awali ilishindiliwa ndani ya ganda fupi, na kwa muda na joto iliganda mabonge yasiyowaka yote. Wawindaji walikuta risasi haina nguvu mbele ya mnyama asiyesamehe. Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, alikuja kutengeneza risasi yenye ganda refu zaidi, .458 Lott, mwaka 1971. Kwa watu hao kurudiarudia kulikuwa suala la uhai, na meza ya kujijazia ilikuwa na bei ndogo kuliko jeneza. Mwenye .375 H&H ya leo, risasi iliyoanza 1912 na bado inatengenezwa na viwanda vingi, hana shida hiyo.

Sheria inakata mjadala

Kwa msomaji wa Tanzania hesabu yote ya chaguo la nne inaishia ukutani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni ya kutengeneza, na leseni yako ya kumiliki bunduki si leseni hiyo. Presi, fataki na baruti chumbani ni kesi. Utengenezaji unaofahamika nchini ni wa Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanzishwa 1974 chini ya jeshi. Kenya nayo ina kiwanda chake cha serikali Eldoret.

Kuhusu raifo inayojijaza, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inaiweka miongoni mwa njia zilizokatazwa kuwindia. Kwa hiyo hata mwenye nayo kihalali hawezi kuipeleka porini Lwafi au bonde la Rukwa kuwinda. Na leseni ya bunduki, ya aina yoyote, si kibali cha kuwinda. Mnyama akisumbua shamba, mlango wa kwanza ni ofisi ya kijiji au mtaa na ofisa wanyamapori. Kupeleka taarifa hakuna gharama ya baruti.

Baridi ya juu, joto la chini

Kuna jambo moja la Ufipa ambalo wauzaji hawalitaji. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huweza kushuka hadi karibu na nyuzi 10. Ukishuka mteremko hadi Muze au Ilemba uko bondeni, ambako Ziwa Rukwa lenyewe liko mita 800 hivi, na Oktoba joto hupita nyuzi 30. Baruti nyingi huwaka kwa nguvu zaidi zikipata joto, na hewa ya bondeni ni nzito zaidi kwa risasi kuipasua.

Athari yake kwa mita 100 haifiki sentimita moja. Kwa mita 300 ni sentimita chache. Mwenye shamba hana haja ya kuhangaika. Anachopaswa kuhangaikia ni uhifadhi: risasi zilizoachwa kwenye gari lililofungwa juani Muze, au kwenye kabati linalotona maji Malangali, hupoteza ule usawa uliozinunulia. Ziweke ndani ya boksi lake, mahali pakavu pasipobadilika joto, zimefungwa kwa ufunguo, mbali na bunduki yenyewe.

Nani achukue nini

Mwenye shamba la mahindi pembezoni, asiyepiga zaidi ya mita 40: shotigani yenye leseni na boksi la risasi 25 za marisaa yanayofaa. Asitoe hata shilingi kwa risasi zenye jina la mashindano.

Mwenye gobore lililosajiliwa: alibadilishe akipata uwezo, na kabla ya hapo fundi aliyeidhinishwa aukague mtutu. Lisilosajiliwa: lisalimishwe.

Mwindaji mwenye vibali na raifo ya komeo: aina mbili au tatu za risasi za kiwandani, milio kumi kwa kila moja, kisha maboksi ya toleo moja. Akibakiwa na fedha, anunue boksi jingine la mazoezi kabla ya kununua darubini kubwa zaidi.

Ndugu aliye ughaibuni, kwenye nchi inayoruhusu, anayeshindana na kupiga maelfu kwa mwaka: meza ya kujijazia itamlipa, zaidi kwa raifo ya komeo kuliko inayojijaza. Akilinganisha, ahesabu na maganda yanayopotea.

Na anayesumbuliwa na ngedere peke yao mchana kweupe: mlinzi, mbwa na kengele za makopo bado vina bei nafuu kuliko leseni yoyote, na havina haja ya kusawazishwa shabaha.